Malaria ya Kila Mwezi

Kwa miezi kumi nilimtibu mke wangu malaria ambayo hakuwa nayo. Sikumtibu kwa kubahatisha. Nilikuwa na kipimajoto, daftari la mistari, na saa ya mkononi niliyoilinganisha na redio kila asubuhi. Mtu mzembe asingeweza kukosea kwa muda mrefu namna ile. Ilihitaji mtu makini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, katika miaka ile ya mwisho ya sitini, na kazi yangu Mtwara ilikuwa kupima hali ya hewa. Shuleni niliishia darasa la nane. Mengine nilijifundisha mwenyewe: Kiingereza kwa kamusi, desimali kwa masomo ya posta, na taipu kwa kuchora herufi kwenye kipande cha boksi na kukigonga usiku mzima bila sauti. Aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Hajui ni kitu gani hajafundishwa, kwa hiyo anaogopa kila kitu, na kwa kuwa anaogopa hamuulizi mtu.

Kituoni kwetu palikuwa na kasha jeupe la mbao, lenye mbavu za kupitisha upepo, likiwa limesimama kwa miguu minne katikati ya nyasi zilizofyekwa. Ndani yake mlikuwa na vipimajoto. Saa tatu kamili asubuhi nilifungua kijilango, nikasimama macho yakiwa sawasawa na zebaki, nikabana pumzi nisiipashe, nikasoma mpaka desimali moja. Ukikosea kuandika hukuruhusiwa kufuta. Ulikata kwa mstari mmoja, ukatia saini pembeni. Nilikuwa najivunia kwamba katika miaka miwili saini yangu ilionekana pembeni mara moja tu, na siku ile nyuki aliingia kwenye kasha.

Mke wangu alitoka kijiji cha upande wa Mnazi Bay, binti wa wakulima wa korosho na mihogo, Waislamu. Mimi nilitoka nyanda za juu, mtoto wa katekista. Tulifunga ndoa bomani na hakuna upande uliofurahi. Baba yangu aliandika barua yenye sentensi mbili, ya pili ikiwa salamu. Mama mkwe alikuja, akala pilau, akaniita "nkwe" kwa heshima zote, maana Kiswahili cha kwao kiligeuza mkwe kuwa nkwe na mtoto kuwa ntoto. Kisha akamwambia binti yake, mimi nikiwa nasikia, "Haya. Tutaona kwenye ntoto."

Nililala na neno hilo. Ndoa yetu haikuwa na kanisa wala msikiti wa kuisemea. Mtoto ndiye angekuwa shahidi wake, na bila mtoto nilijua wangekuja kumchukua binti yao, tena kwa adabu, bila kugombana na mtu. Ilipopita miezi sita bila dalili, nikaamua kulishughulikia jambo hili kwa njia ya kisayansi.

Kijana mmoja niliyekuwa nasali naye alikuwa anasomea uuguzi. Aliniazima kitabu chake cha Kiingereza kwa jioni moja tu. Sura niliyoitaka ilianza na ukurasa wenye mchoro. Niliutazama mchoro ule kwa kiasi cha kuelewa kwamba ni mchoro, nikaufunika kwa karatasi ya kufyonza wino, nikaanza kunakili kuanzia ukurasa wa pili. Naungama hapa kitu ambacho sikumwambia hata yule kijana: niliona haya mbele ya kitabu, nikiwa peke yangu, mlango umefungwa.

Ukurasa wa pili ulisema yai la mwanamke hutoka yapata siku ya kumi na nne ya mzunguko. Ulisema likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Ulisema joto la mwili hupanda kidogo baada ya hapo, na kwamba joto hilo lipimwe alfajiri, kabla mtu hajainuka kitandani. Niliyanakili yote kwa mwandiko wangu mzuri. Kulipokucha kitabu kikarudi kwa mwenyewe, ndipo nilipojiuliza: mzunguko ni duara, na siku ya kwanza ya duara ni ipi? Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa mchoro. Sikumwendea tena yule kijana. Nilichagua mwanzo mimi mwenyewe.

Nyumbani kwetu jambo la hedhi halikuwa na maneno. Lilikuwa na shanga. Ukutani, upande wa kichwani, palikuwa na msumari. Siku zake zikianza, mke wangu alitundika pale mkufu wa shanga nyekundu. Zikiisha, akaoga josho lake, akaziondoa na kutundika nyeupe. Ndivyo alivyofundishwa na kungwi wake unyagoni, na wiki ile ya harusi alinipa somo lote kwa pumzi moja, akitazama sakafu: "Nyekundu, kaa kando. Nyeupe, nimeshaoga." Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Nilishukuru. Uwanja wa ndege karibu na kituo chetu ulikuwa na mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na sasa nami nyumbani nilikuwa na alama yangu.

Basi siku ya shanga nyeupe ikawa siku ya kwanza. Niliona hakuna hoja inayoweza kuitikisa. Kituoni, ukitaka kuhesabu siku za ukame, unaanza siku mvua ilipokatika, huanzi mvua ikiwa bado inanyesha. Na hata mtoto mdogo anajua kwamba nyeupe ndiyo mwanzo, kama karatasi.

Kuna kitu kingine nilikiongeza ambacho kitabu hakikukisema. Niliwaza kwamba kama siku yenyewe ni moja tu, basi nguvu zisitawanywe ovyo kabla yake. Kwa hiyo kila zilipotundikwa nyeupe, nilichukua mkeka nikaanza kulala chini, upande wa pili wa chumba, mpaka siku ya kumi na nne. Mke wangu aliutazama mkeka siku ya kwanza kwa muda mrefu.

"Kitanda kina nini?"

"Hakina kitu. Ni mpango."

"Mpango gani?"

"Utayaona matunda yake," nilisema.

Akajifunika kanga mpaka kichwani.

Kipimajoto nilikinunua duka la dawa, kile cha kuweka chini ya ulimi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, nilimwamsha kwa kumgusa bega, maana akishtuka joto lingepanda. Alitakiwa akae nacho mdomoni dakika tano kamili. Sasa mke wangu alikuwa mtu wa maneno. Watu wa kwao hufumbua mdomo kabla ya macho. Alilala pale, kioo kikimtoka mdomoni, akinitazama nilivyomsimamia na saa mkononi, na maneno ya usiku mzima yakimjaa kifuani. Nikikichomoa yanamwagika.

"Mume wangu, na mvua je? Leo nitanyesha?"

"Usicheke, unatikisa."

"Umeshakichomoa, unaogopa nini? Huko kwenu watoto wanapatikana kwa kalamu?"

Nilibana pumzi, nikasoma, nikaandika. Baada ya wiki mbili alianza kuniita Bwana Hewa.

Mwezi wa kwanza, siku saba zilipita joto likiwa tulivu kama bahari iliyokupwa. Siku ya nane likapanda. Halikupanda sana, mistari minne midogo tu, lakini mimi nilikuwa mtu wa mistari midogo. Kitabu kilisema siku ya kumi na nne. Hii ilikuwa ya nane. Kwa Mtwara, joto lisilo na maelezo lina jina moja. Nilikimbia dukani kununua klorokwini.

Aliimeza bila ubishi. Hilo lilinishangaza, maana vidonge vile ni vichungu kiasi kwamba hata ukivimeza haraka, uchungu unavitangulia. Aliimeza kwa adabu, karibu kwa ibada, mikono miwili ikiwa imeshika kikombe. Nikafikiri, mke mwema namna hii amestahili mtoto.

Joto halikushuka. Lilikaa juu siku ya tisa, ya kumi, mpaka ya kumi na nne yenyewe. Siku hiyo mimi nilikuwa nimenyoa, nimeoga mara mbili, nimevaa shati lililopigwa pasi, na nilipanda kitandani kama mtu anayeingia ofisini kwa mkubwa. Nilikwenda kwa siku mbili mfululizo, kwa kuzingatia uwezekano wa makosa ya kipimo. Siku nane baadaye, nyekundu zikarudi kwenye msumari.

Niliandika kwenye daftari: *Yai halikutoka. Sababu: homa.*

Mwezi wa pili, siku ya nane, homa. Mwezi wa tatu, siku ya nane, homa. Mwezi wa tano ilichelewa kwa siku moja nikatumaini kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kuona malaria yenye nidhamu namna ile, lakini badala ya kuishangaa nidhamu, niliichukia malaria. Nilinunua chandarua kipya. Nilifyeka nyasi za nyumba yetu, kisha za jirani. Nilizunguka mtaa mzima wa Magomeni nikimwaga mafuta ya taa kwenye madimbwi, mpaka watu wakaamini nimetumwa na idara ya afya, na mzee mmoja akanisimamisha kunionyesha choo cha jirani yake ili nikichukulie hatua. Nilikwenda kukitazama. Niliona aibu kumwambia ukweli.

Katika miezi hiyo yote mke wangu alipungua maneno. Sikuliandika hilo kwenye daftari, kwa kuwa halikuwa na safu yake. Alfajiri nikichomoa kipimajoto hakusema kitu tena. Aligeukia ukuta. Niliona dakika tano zinapita vizuri zaidi.

Mwezi wa kumi na mmoja ulipofika, korosho zikiwa zimeshauzwa, ikaja habari kutoka kijijini: mama mkwe atakuja Ijumaa na lori la mihogo, na Jumatatu lori likirudi ataondoka na binti yake, akapumzike kidogo nyumbani.

Kila mtu wa pwani ile analijua pumziko hilo. Mwanamke huenda na kapu moja. Baada ya miezi miwili huja mjomba kuchukua sufuria.

Nilikuwa na siku chache. Nyeupe zilikuwa zimetundikwa Jumanne, maana yake homa ingeingia Jumanne ya wiki inayofuata. Niliamua mwezi huu nisiisubiri. Alhamisi niliomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza, nikamchukua mke wangu na daftari langu mpaka kliniki, kwa muuguzi mkunga mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama.

"Mama," nilisema, "naomba mke wangu apigwe sindano ya malaria. Ile kali."

"Ameanza lini kuugua?"

"Bado. Ataugua Jumanne."

Aliacha kuandika. "Ataugua."

"Jumanne. Alfajiri."

Alimtazama mke wangu. Mke wangu alitazama ukuta, kama alivyokuwa anatazama ukuta wetu. Nikaona neno langu halitoshi, nikamfungulia daftari: miezi kumi, kila mwezi mchoro wake wa joto, na kila siku ya nane imezungushiwa wino mwekundu. Mama alilivuta karibu. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa, polepole, na nilipomwona anavutiwa nikajisikia fahari, Mungu anisamehe.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Sijawahi kuona. Sasa niambie, siku ya kwanza hapa ni ipi?"

"Siku ya shanga nyeupe."

"Na nyekundu zinakaa siku ngapi?" Hilo alimuuliza mke wangu.

"Sita," mke wangu alisema, kwa sauti ndogo.

Mama alihesabu kwa vidole chini ya meza. Alivua miwani. "Bwana, siku ya kwanza ni ya nyekundu. Siku ileile damu inapoanza, ndiyo moja. Wewe umeanza kuhesabu siku sita zimeshapita."

Nilimwambia kitabu kilisema kumi na nne.

"Kitabu kimesema kweli. Nane yako na sita zake, ngapi?"

Mimi niliyejifundisha desimali kwa posta nilihitaji muda kujumlisha nane na sita.

"Hii si homa," alisema, akigonga wino wangu mwekundu kwa kidole. "Hili ndilo yai. Likitoka, mwili unapata joto kidogo, unakaa nalo mpaka karibu na damu nyingine. Kila mwezi mwili wa mkeo ulikuwa unakuandikia barua, nawe unaipa klorokwini. Na joto likishapanda, baba, meli imeshang'oa nanga. Wewe unafika gatini siku sita baadaye na mizigo yako. Siku zenyewe ni hizi zinazotangulia. Mbegu ya mwanamume inaweza kulisubiri yai siku mbili tatu, lakini yai halimsubiri mtu. Siku hizi kabla ya joto, wewe huwa uko wapi?"

"Kwenye mkeka."

"Mkeka wa wapi?"

"Wa chini, Mama. Najihifadhi."

Aliomba radhi, akatoka nje. Tulimsikia nyuma ya ukuta akicheka, akinyamaza, akianza tena. Aliporudi alikuwa na uso wa kazi.

"Kuanzia kesho," alisema, "siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka joto lipande. Ukitaka kila siku, nayo ni ruhusa. Na usinishikie kumi na nne kama amri ya Mungu, siku hizi husogea, mwanamke si saa ya ukutani. Hata mkipatia yote inaweza kuchukua miezi. Ikipita sana, mrudi wote wawili. Wote wawili, umesikia?"

Njiani mke wangu alitembea hatua moja mbele yangu. Tulipofika kwenye mikorosho ya mwisho kabla ya mtaa wetu akasimama.

"Kumbe vile vidonge vilikuwa vya malaria?"

"Wewe ulidhani vya nini?"

"Vya mtoto," alisema. "Masikio yalikuwa yananilia, mwili unaniwasha, nikasema haya ndiyo yenyewe, anakaribia."

Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyokishika kile kikombe kwa mikono miwili, najisikia nataka kuingia chini ya meza.

Mama mkwe alifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, na kapu la mihogo mikavu na fungu la ng'onda, samaki wale wa kuanika. Nyumba yetu ilikuwa chumba na sebule. Yeye na binti yake walipata kitanda. Mimi nilirudishwa kwenye mkeka wangu, safari hii sebuleni, katika juma lile moja ambalo sayansi ilikuwa imenikataza mkeka.

Itakubidi msomaji ujue kwamba mtu na mama mkwe wake, kwa desturi ya kwao, hawakai pamoja. Nisingeweza kula naye, kupishana naye mlangoni, wala kumtazama usoni. Nikizungumza naye nilitakiwa kugeuka upande. Kwa hiyo kila hila niliyoipanga Ijumaa ile niliitoa nikiwa nimeutazama mtungi.

"Mkwe, bandarini kumefunga meli kubwa. Watu wanakwenda kuitazama."

"Meli nimeziona."

"Sokoni leo kuna pweza wazuri."

"Miguu, nkwe wangu. Miguu inauma."

"Basi pengine mwenzangu aje kituoni, nimwonyeshe vyombo. Mchana hapana mtu."

"Vyombo gani?" aliuliza mama mkwe, na mke wangu akaangusha mwiko.

Jumamosi niliamka nikajua kwamba Jumatatu itafika hivihivi. Niliandika hotuba kwenye karatasi, nikakata maneno, nikatia saini pembeni kwa mazoea. Asubuhi ile mama mkwe alikuwa ameketi uani akimenya mihogo. Nilizunguka nje, nikasimama nyuma ya ua wa makuti, mahali asipoweza kuniona wala mimi kumwona, nikapiga hodi kwenye makuti.

"Nani?"

"Ni mimi, mkwe."

"Mlango uko mbele."

"Nataka kusema neno lisilosemeka."

Sauti ya kisu ilikoma. "Sema, basi. Makuti hayana masikio."

Hotuba ilikuwa na vipengele. Nilisoma cha kwanza, nikaiweka karatasi mfukoni nikasema vyovyote. Nilimwambia mkwe wangu, mama wa mke wangu, habari za yai. Nilimwambia habari za kumi na nne na nane na sita, kipimajoto, klorokwini, mkeka. Jasho lilinitoka kama mtu anayebeba magunia. Wanawake wawili walipita na ndoo za maji wakanisalimu nikiongea na ua, nami nikaitikia na kuendelea. Nilimwambia kwamba siku zenyewe ni hizi, leo na kesho na keshokutwa, na kwamba nimeomba sana bandari na pweza visaidie, havikusaidia.

Nilisikia muhogo mmoja ukimenywa mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," sauti ilisema, "mwanangu anatundika nyeupe, nawe unachukua nkeka."

"Ndiyo, mkwe."

"Mwaka nzima."

"Miezi kumi na mmoja."

"Unajua nyeupe maana yake nini?"

"Kwamba ameshaoga."

"Na mtu akishaoga akajipaka mafuta akakwambia ameoga, anakuomba ulale chini?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nimesimama nyuma ya makuti na mkono mmoja umeshika fito. Mama mkwe hakuja kwa sababu ya mtoto. Kwao mtoto husubiriwa, mwaka si kitu. Alikuja kwa sababu binti yake alimpelekea neno kwamba kila mwezi anatundika shanga nyeupe ukutani na mumewe anatazama, anaandika kitu kwenye daftari, kisha anashuka chini na mkeka. Anakuja juu baada ya wiki mbili, amevaa shati la pasi. Mke wangu alidhani dini yangu inakataza. Baadaye akadhani namchukia.

"Nani alikufundisha haya?" mama mkwe aliuliza.

"Kitabu."

"Hicho kitabu kina watoto wangapi?"

Nilisikia kisu kikiwekwa kwenye sinia.

"Nkwe wangu, mimi nilikuja nimejua wewe hutaki, au huwezi. Usiku nzima nalia kwenye kitanda chako. Kumbe una akili nyingi tu." Alipumua. "Hiyo haina dawa. Ni ya kukaa nayo."

Kisha akamwita binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwambia kwamba amemkumbuka shoga yake wa kijijini aliyeolewa nyumba ya nne kutoka pale, na kwamba atakwenda kulala huko leo na kesho, kwa sababu kitanda cha hapa ni laini mno kwa mgongo wake. Alipita mlango wa mbele na kapu lake. Miguu yake haikuwa na shida yoyote.

Nilipoingia ndani mke wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule. Alikuwa amesikia yote, kiambaza chetu hakikuwahi kuficha hata kikohozi. Nilianza kumwomba radhi kwa mpangilio, kuanzia mwezi wa kwanza.

"Bwana Hewa," alisema, "ukifika mwezi wa tatu itakuwa Jumatatu."

Nitasema mapema ili mtu asibaki akihesabu. Mimba haikuingia juma lile. Haikuingia mwezi uliofuata pia, na nilihangaika kama kawaida yangu, ingawa nilihangaikia kitandani. Iliingia mwezi wa tatu, katika siku ambazo nilikuwa nimepotewa na hesabu kwa sababu ya mafua. Lakini Jumatatu ile hatukujua lolote la hayo. Tulijua tu kwamba lori linaondoka saa mbili.

Tulimsindikiza. Utingo alikuwa ameshapakia magunia matupu, na nafasi mbili mbele, kando ya dereva, zilikuwa zimetandikwa mkeka wa kukalia. Mama mkwe alipandishwa, akakaa, akaweka kapu lake mapajani, akalitoa, akaliweka kwenye nafasi ya pili. Dereva alichungulia chini. Mke wangu alikuwa kando yangu, peku, na kanga ya nyumbani.

"Bibi, si ulisema mko wawili?"

"Tulikuwa wawili," alisema mama mkwe. "Ntoto ana kazi huku. Washa gari."